Barua za Mashine ya Yonghe

Jumamosi mchana, mvua za Juni zikiwa zimeipania Taipei, hakuna mahali panapofurika watu kama soko la kompyuta la Guanghua. Wengine huja kununua. Wengi huja kukimbia mvua, kula kiyoyozi cha bure na kubishania bei ya vitu wasivyo na haja navyo. Siku hiyo, katikati ya msongamano wa ghorofa ya tatu, alisimama msichana aliyevaa koti la mvua la manjano lililochuruzika maji kila alipopiga hatua. Alikuwa amekumbatia diski iliyokufa, utadhani anawahisha mtoto hospitali.

Huyo ni Tu Jou-an, mpiga picha za harusi, miaka thelathini na mmoja, nywele zimekatwa sawasawa na taya na macho hayajapata usingizi wa maana. Diski ile ilikata roho na picha zote za maharusi fulani wa Keelung, na yeye ndiye aliyewapigia simu kuwaambia. Bibi harusi hakumtukana. Aliuliza tu kama hata picha ya bibi yake haikupona. Haikupona. Tangu hapo Jou-an aliapa hatapoteza tena picha ya mtu. Akasoma mtandaoni kwamba dawa yake ni seva ya nyumbani: kompyuta inayokaa kona ya chumba, haina skrini wala mbwembwe, kazi yake ni kulinda mafaili tu.

"Nipe diski nne," alimwambia muuzaji. "Kubwa kuliko zote."

Muuzaji, mama mmoja mwenye kucha nyekundu, alivuta katoni na kuanza kukata utepe.

"Usikubali," sauti ilisema nyuma yake.

Jou-an aligeuka. Alikuwa kijana mrefu mwembamba, shati la bluu limefungwa vifungo mpaka shingoni, miwani imeingia ukungu kwa unyevu wa mvua.

"Samahani, dada, sikutaka kuingilia. Ila diski za katoni moja ni ndugu wa tumbo moja. Zimezaliwa pamoja, na zina tabia ya kufa pamoja. Moja ikigoma, mwenzake anamfuata kabla hujamaliza kulia. Chukua moja hapa, nyingine meza nyingine."

"Na wewe ni nani? Daktari wa diski?"

"Mteja tu."

"Mteja anayenifukuzia wateja," alisema muuzaji. "Wewe kijana, una mke?"

"Sina."

"Naona sababu."

Jou-an alicheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza wiki ile, na kilimtoka kwa nguvu hata watu wa meza ya jirani wakageuka. Kijana alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati, na alipoivaa tena, ndipo alipomwona vizuri msichana ambaye yeye alikuwa akimpa ushauri. Aliivua akaifuta tena.

"Basi ukishaniharibia biashara na mama huyu," Jou-an alimwambia, "wewe ndiye utakayenitembeza. Meza nne, diski nne. Twende, daktari."

Jina lake lilikuwa Weng Po-kai, watu wake humwita A-Kai. Alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha chipu za kompyuta huko Hsinchu, na siku zake za mapumziko alipanda treni kuja Taipei kuangalia vyuma. Walinunua diski ya kwanza kwa yule mama, kwa kumwonea haya. Ya pili walibishana bei mpaka muuzaji akawaomba waondoke na punguzo lao. Ya tatu walikaa sana, maana mvua ilizidi na walikuwa wanakula mkate mmoja wa mvuke, huyu anamega huku, yule kule. Walipofika meza ya nne Jou-an alisema diski zilizopo hazimpendezi, waangalie nyingine. Diski zote ni makopo ya bati yanayofanana. Po-kai alikubali kwamba kweli hazipendezi.

*

Studio ya Jou-an ipo Yonghe, juu ya duka la mama yake la maziwa ya soya. Ngazi zake hunuka mafuta ya kukaangia maandazi marefu kuanzia alfajiri hadi saa nne. Po-kai alipokuja mara ya kwanza na mkoba wa bisibisi, Mama Tu alimsimamisha mlangoni, mwiko mkononi, akamkagua kuanzia viatu.

"Wewe ndiye wa mashine?"

"Ndiyo, Mama Tu."

"Umekula?"

"Nimekula, asante."

"Umekula wapi? Kwenye treni? Hicho si chakula. Kaa."

Alipandishwa ngazi akiwa ameshiba mpaka hawezi kuinama. Mashine ilijengwa polepole kwa sababu hiyo, na kwa sababu nyingine ambayo hata Mama Tu, chini kwenye mvuke, aliiona. Jumapili ya kwanza walifunga ubao mkuu kwenye kasha. Jumapili iliyofuata Po-kai alijikata kidole kwenye bati, na Jou-an alimfunga plasta kwa muda mrefu kuliko kidonda kilivyostahili.

"Inauma?"

"Hapana."

"Mbona umekunja uso?"

"Nimekunja ili uendelee."

"Haya! Kumbe fundi ana maneno."

Jioni, Po-kai akiwa amerudi Hsinchu, simu iliita.

"Umefika, fundi?"

"Nimefika. Mashine inaendeleaje?"

"Imelala. Mashine haina hata uhai bado, unaiulizia ya nini?"

"Nauliza ili nisionekane nakuulizia wewe."

"Basi niulizie mimi."

"Unaendeleaje, An?"

"Vibaya. Chumba kimekuwa kikubwa."

Siku diski zote nne zilipowaka, Po-kai alitoa mkobani pakiti ya kijani ya Kuai Kuai, vile vitafunio vya mahindi vyenye ladha ya nazi, akaiweka juu ya kasha, upande wenye picha ukitazama mbele. Kiwandani kwao kila mtambo una yake. Benki wanazo, hospitali wanazo, hata reli. Ni lazima iwe ya kijani, maana taa ya kijani ndiyo ya mashine iliyo salama. Haifunguliwi, hailiwi, na kubwa kuliko yote, tarehe yake haiachwi ipite. Injinia mwenye shahada mbili atakucheka ukimwambia habari za mizimu, lakini mwambie pakiti kwenye mtambo wake imeisha muda, uone atakavyokimbia dukani.

"Mimi napenda ya manjano," Jou-an alisema kwa kumchokoza. "Ya viungo vitano."

"Usitamke hilo neno mbele yake!"

Mama Tu alikuwa ameleta chai. "Kijana amesoma mpaka chuo kikuu, halafu anaiwekea kompyuta tambiko. Siku nikiishiwa cha kuwapa wageni nitamla mungu wenu."

"Mama Tu, tafadhali. Tarehe yake ni fupi. Ikikaribia kuisha nitakuja na nyingine."

"Na hiyo nyingine ikiisha?" Jou-an aliuliza bila kumtazama.

"Nitakuja tena."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya mapenzi, kama hukuyatambua. Jou-an aliyatambua.

*

Ilibaki kuchagua mfumo endeshi, na hapo ndipo walipozama. Chuma bila mfumo ni bati na waya tu. Upo mfumo wa kulipia, una vitufe vya rangi kama simu na kampuni inayokujibu ukikwama. Upo wa bure wenye ukurasa wake wa kuendeshea, mzuri ila unakula kumbukumbu kuliko wageni wa harusi. Halafu upo Debian, nao ni bure, lakini hauna pambo lolote: skrini nyeusi, unaandika amri kwa mkono, na ukikosea unajijua mwenyewe. Po-kai alikuwa mtu wa Debian. Alipoanza kuusifia alisahau hata chai.

"Anayelipia mfumo ni sawa na mtu anayekodi kitanda chake mwenyewe," alisema. "Huu unaujua kila uzi. Haukufichi kitu."

"Lakini mimi siujui."

"Mimi naujua."

"Na wewe unaishi Hsinchu."

"Treni zipo, An."

Kila Jumapili waliweka mmoja, wakaujaribu, wakaufuta, wakaahirisha uamuzi. Msimu mzima wa joto ulikwenda hivyo. Picha za maharusi zilikuwa bado kwenye diski za kuazima, na Jou-an, aliyeapa kutopoteza tena picha ya mtu, hakuwa na haraka hata kidogo.

Mwisho wa Agosti Po-kai alifika akiwa amenyoa, shati jipya, na uso wa mtu anayekwenda kusomewa majibu ya hospitali. Hakukaa kula. Mama Tu alimwangalia akipanda ngazi, akasahau maandazi kwenye mafuta.

"Tuweke ule wa kulipia," alisema alipofika juu.

Jou-an alidhani ni mzaha. "Wewe? Bwana kitanda cha kukodi?"

"Nilikuwa na kiburi. Ule ni mzuri. Unajirekebisha wenyewe, na ukikwama unawapigia. Hutahitaji mtu."

"Sitahitaji mtu."

"Ndiyo."

"Mtu gani huyo nisiyemhitaji, A-Kai?"

Po-kai alitoa mkobani pakiti mpya ya kijani, akaondoa ile ya zamani, akaipanga vizuri. Jou-an aliigeuza akasoma tarehe.

"Mwakani. Mwezi wa tano."

"Ilikuwa nyuma kabisa ya rafu."

"Zile za kabla ulikuwa ukichukua za mbele. Leo umepekua rafu nzima."

"Nilitaka ikae muda mrefu, An. Ndiyo tu."

"Ulitaka ikae muda mrefu ili usilazimike kuja."

Sasa nikwambie kilichokuwa moyoni mwa Po-kai, maana yeye mwenyewe hakukisema, na laiti angekisema tusingekuwa na hadithi. Ijumaa ile mkubwa wake alimwita akamwomba aende Kumamoto, Japani, kwenye kiwanda kipya, miaka miwili. Hakuwa amejibu. Kiwandani walikuwa wamemfundisha kwamba mtu hatoki zamu mpaka amehakikisha anayebaki anaweza kuendesha mtambo bila yeye. Kumwachia mwenzako kitu ambacho ni wewe tu unayeweza kukitengeneza ni ukatili. Kwa hiyo alitaka kwanza mashine isimame peke yake, ndipo amwambie An habari za Kumamoto, na ndipo amuulize kama atamngoja. Alikuja kufanya makabidhiano ya zamu mbele ya mwanamke anayempenda. Mtu na akili zake!

"Si hivyo," alisema.

"Basi ni vipi? Sema."

"Nataka tu uwe na kitu unachokiweza mwenyewe."

"Nimekuelewa." Sauti ya Jou-an ilikuwa imetulia, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. "Umechoka na safari za treni. Ungesema hivyo tangu mwanzo, nisingekufunga plasta. Chukua bisibisi zako."

"An, nisikilize..."

"Chukua bisibisi zako, A-Kai."

Alizichukua. Alipopita dukani Mama Tu alimpa mfuko wa maandazi yaliyoungua. Jumatatu yake, kwa hasira na huzuni zilizochanganyika, Po-kai alimjibu mkubwa wake ndiyo. Baadaye alimtumia Jou-an ujumbe: *Nakwenda Kumamoto kikazi. Nilipaswa kukwambia siku ile. Samahani.* Jou-an aliusoma amesimama kwenye Daraja la Fuhe, pikipiki zikimpita huku na huku. Alielewa kila kitu papo hapo, na ndiyo maana alilia. Lakini kuelewa ni kazi moja, na kujibu ni kazi nyingine. Aliandika, akafuta. Akaandika, akafuta. Jibu halikwenda.

*

Alichofanya badala yake ni kuweka Debian.

Aliuweka kwa hasira. Alijifunza kwenye mabaraza ya mtandaoni, kikombe cha maziwa ya soya pembeni, akiandika amri zilizokataa, akizirudia, akiulaani ukoo mzima wa Po-kai kwa sauti. Mara mbili alifuta kila kitu kwa bahati mbaya akaanza upya. Alijifunza kuzifunga diski nne ziwe fungu moja, ili mbili zikifa hata picha moja isipotee. Mashine ilipomwuliza itaitwa nani, aliandika kwa chuki: *sihitaji-mtu*. Ndilo jina lake hadi kesho.

Halafu mashine ikauliza swali jingine. Ilitaka anwani ya mtu wa kupelekewa taarifa, yaani mambo yakiharibika aambiwe nani. Jou-an alikaa na swali hilo hadi maziwa yakapoa. Vidole vyake viliandika anwani ya Po-kai. Aliitazama. Hakuifuta.

"Unaongea na hiyo mashine?" Mama Tu aliuliza kutoka ngazini.

"Naigombeza."

"Basi igombeze taratibu, wateja wanasikia. Na ule kitu. Umekonda, suruali zinakuvuka."

Kule Kumamoto, Po-kai alikodi chumba karibu na mashamba ya kabichi, mahali ambapo mlima Aso huonekana siku zisizo na mawingu. Alikula tambi peke yake akitazama ukuta. Jumapili moja, akiwa kwenye duka la kufulia, nguo zake zikizunguka kwenye mashine, simu ilitikisika.

*Kutoka: sihitaji-mtu. Ukaguzi umekamilika. Makosa: hakuna.*

Aliisoma mara nyingi barua hiyo isiyo na salamu. Aliutambua mfumo wake mara moja. Ni Debian! Ameuweka mwenyewe, mtundu yule, tena kauweka vizuri. Alifurahi peke yake katikati ya sabuni, mzee wa Kijapani akimwangalia kwa huruma. Halafu akalirudia jina la mashine, na furaha ikamwishia. Sihitaji mtu. Jou-an alikuwa amemwambia waziwazi, na kwa mkono wake. Anwani bila shaka aliiandika ili amwonyeshe hivyo tu.

Kwa hiyo hakupiga simu. Jumapili iliyofuata barua ilikuja tena. *Makosa: hakuna.* Na iliyofuata. Akawa mtu wa kuzingoja. Hakwenda popote Jumapili asubuhi mpaka iingie, na ikichelewa kidogo alitembea chumbani akijiuliza kama umeme umekatika Yonghe, kama kimbunga kimepita, kama Mama Tu ni mzima. Ilipoingia alikaa kitandani na kuivuta harufu ya Jou-an kichwani: mafuta ya maandazi, koti la mvua, sabuni ya nywele zake fupi. Alitamani kujibu. Lakini barua ya mashine haijibiki, ukijibu inarudi kwa mashine.

Naye Jou-an, upande wa pili wa bahari, alijua saa ambayo barua huondoka. Kila Jumapili saa hiyo aliacha kila alichokuwa akifanya akakaa karibu na kasha, akazisikiliza diski zikinguruma. Msimu wa harusi ulikuwa umepamba moto, akawa anapiga picha maharusi kila siku, wa Yangmingshan kwenye nyasi ndefu, wa Tamsui kando ya maji. "Mtazame kama hujamwona muda mrefu," alikuwa akiwaambia mabwana harusi. Alikuwa stadi mno wa kueleza jinsi mtu anavyotazamwa hivyo. Jioni alizipeleka picha kwenye mashine, zikatulia salama zote, na chumba kikabaki kikubwa vilevile.

*

Januari, baridi ya unyevu imeingia hadi kwenye mifupa, barua ilifika siku ya Alhamisi. Po-kai alijua ni shari kabla hajaifungua, maana Alhamisi si siku yake.

*Kutoka: sihitaji-mtu. Diski ya tatu imeshindwa.*

Hakufikiri. Laiti angefikiri angekumbuka kwamba diski mbili zinaweza kufa bila picha kupotea, na kwamba simu ipo. Aliomba ruhusa, akanunua diski mjini, akapanda ndege ya kwenda Taoyuan, uwanja wa ndege wa Taipei, na koti la kazini mwilini. Ijumaa mchana alisimama mlangoni pa duka la Mama Tu, midomo imekauka, diski kifuani.

Mama Tu aliinua macho kwenye sufuria. "Umekula?"

"Sijala, Mama Tu."

"Leo ndiyo umesema kweli. Panda kwanza. Utakula baadaye."

Jou-an alikuwa amekaa sakafuni, sweta kubwa la kijivu, soksi mbili mbili, skrini nyeusi mbele yake. Alisikia hatua kwenye ngazi akadhani ni mama yake.

"Diski," Po-kai alisema akihema. "Nimeleta diski."

Jou-an aligeuka. Alimtazama kama hajamwona muda mrefu.

"Umechelewa, fundi. Nimeshabadilisha."

"Umebadilisha?"

"Jana ileile. Nilikwenda Guanghua, kwa yule mama wa kucha nyekundu. Nikaichomoa mbovu, nikaweka mpya, nikaandika amri. Imemaliza kujijaza asubuhi hii. Njoo uone."

Po-kai alipiga magoti kando yake, akasoma mistari. Hakukuwa na kosa. Hata yeye asingeifanya vizuri zaidi. Aliiweka diski yake sakafuni, taratibu.

"Kweli hunihitaji," alisema.

"Sikuhitaji."

"Basi nimekuja bure."

"Po-kai." Hakuwa amewahi kumwita jina kamili. "Nisikilize vizuri, maana sitarudia. Mashine naiweza. Kazi naiweza. Nikiumia kidole najifunga plasta. Sikuhitaji hata kidogo. Nina hamu na wewe, basi. Nina hamu na wewe tangu Agosti, mpaka naona aibu. Hivyo ni vitu viwili tofauti, na wewe na chuo kikuu chako chote hujavitofautisha."

Po-kai alivua miwani. Safari hii si kwa ukungu.

"Nilikuwa nazisoma barua zako kila Jumapili," alisema hatimaye.

"Si zangu. Za mashine."

"Nilijidanganya ni zako. An, nilitaka kukuuliza siku ile kama utaningoja, nikaanza na mfumo."

"Nilijua ulipotuma ujumbe. Mjinga wewe."

"Na hukujibu."

"Mjinga na mimi."

Jou-an alimvuta kichwa akakilaza begani mwake, na koti la kazini lilinuka ndege na tambi. Walikaa hivyo sakafuni mpaka Mama Tu alipogonga sufuria kwa mwiko huko chini, mara tatu, maana yake chakula kinapoa na yeye si mjinga.

"Imebaki miezi mingapi?" Jou-an aliuliza bila kuinua uso.

"Mingi. Narudi huko Jumapili."

"Basi nitakuja mimi. Mashine hii naweza kuiongoza nikiwa popote, hata huko kwenye makabichi yako. Umenichagulia mfumo mzuri, ingawa ulijaribu kunikataza."

"Utakuja lini?"

"Baada ya mwaka mpya wa Kichina. Mama atanigombeza, halafu atanifungia chakula cha watu sita." Alivuta kibodi mapajani, akaandika amri mbili, akabonyeza. "Nimeifuta anwani yako."

Po-kai aliinuka wima. "Kwa nini?"

"Sitaki mashine ikuandikie tena. Nikiwa na habari nitakupigia mimi. Nikiwa sina, pia nitakupigia."

Jumapili mchana Jou-an alimsindikiza hadi kituoni, koti lake jekundu limefungwa mpaka kidevuni, mikono yao miwili mfuko mmoja. Treni ya uwanja wa ndege ilikuja ikamchukua, na Jou-an alibaki kwenye jukwaa akiangalia reli tupu. Alitoa simu, akapiga.

"An? Umesahau kitu?"

"Hapana."

"Kuna nini? Ndiyo kwanza treni imeondoka, hata kiti sijapata."

"Najua," alisema. "Hakuna kilichoharibika. Ongea tu."